Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Haut-Katanga: tunaomba damu, tunasahau uboho

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Katuba. Mimi ni mtu wa labo, na wengi wanaoletwa kwangu ni watoto wa SS, wenye drepanositozi (selimundu), ugonjwa wa damu wa kurithi unaopindisha chembe nyekundu. Kila ugonjwa huu unapotajwa hapa Lubumbashi, tunalilia mifuko ya damu na friji zisizozimika umeme ukikatika. Ni haki yetu kulilia. Leo lakini naomba kwa ajili ya mahali damu inapozaliwa.

Wazazi wengi huniambia damu inatoka moyoni. Moyo unasukuma tu. Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, katika uboho mwekundu: kwa mtu mzima hasa kwenye nyonga, uti wa mgongo, mbavu, kidari na fuvu, kwa mtoto mchanga, karibu kila mfupa. Humo ndimo zinamotoka chembe nyekundu, chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, na chembe sahani zinazoziba jeraha. Mtu mzima mwenye afya hutengeneza chembe nyekundu kama milioni 2 kila sekunde, na kila moja huishi siku 120 hivi.

Ya mtoto wa SS, iliyopinda kama mundu, huishi siku 10 hadi 20.

Piga hesabu, Mheshimiwa. Uboho wake haupati usingizi. Ukikosa nafasi, unatanua mifupa yenyewe, ndipo paji la uso linatokeza. Mtaani wakiona kichwa hicho wanasema ulozi, na mara nyingi kuna bibi mzee atakayeshutumiwa. Ningependa wachungaji wetu walisikie hili kabla ya wengine wote.

Ndiyo sababu pia parvovirusi B19, ambayo kwa mtoto mwingine hupita kama homa ndogo na vipele, inaweza kumwangusha mtoto huyu kwa siku chache. Inaua chembe changa humo ubohoni, na kwa wiki moja hivi hakuna chembe nyekundu mpya. Mwenye akiba ya siku 120 hashtuki. Huyu wetu hemoglobini, ile inayobeba hewa ndani ya chembe nyekundu, inaporomoka. Labo ikihesabu retikulositi, yaani chembe zilizotoka ubohoni juzi tu, na kukuta karibu hakuna, daktari anajua uboho umesimama.

Dawa ipo: hidroksiurea. Hufanya kazi humo humo ubohoni, ikiamsha hemoglobini ya tumboni mwa mama, ambayo huzuia chembe kupinda. Utafiti wa REACH, uliotoka mwaka 2019, uliwafuata watoto wa Angola, Kenya, Uganda na wa kwetu Kinshasa: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, hata malaria na vifo vilipungua. Ila dawa hiyo ikizidi, huulemea uboho, na chembe nyeupe hushuka. Anayeimeza lazima apimwe hemogramu, yaani chembe zake za damu zihesabiwe, mara kwa mara, hasa miezi ya kwanza.

Hapo ndipo tunapokwama. Mashine ninayo. Reajenti, yaani kemikali za kupimia, zikiisha, naifunika kitambaa na kumtuma mama labo ya binafsi, akachague pesa yake inunue dawa au kipimo. Mama wengi huchagua dawa, na daktari anabaki kukisia kiasi cha dawa.

Naomba reajenti za hemogramu zifike kwenye vituo vya komini bila kukatika, na hidroksiurea iuzwe kwa bei ambayo muuza makala anaiweza. Na elektroforezi, kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini, kwa watoto wachanga: kipimo cha Emmel tunachokitegemea kinaonyesha tu kwamba chembe zinapinda, hakitofautishi AS (aliyerithi ugonjwa kwa mzazi mmoja tu, asiyeumwa) na SS (aliyerithi kwa wazazi wote wawili), na kwa mtoto wa siku chache kinaweza kisionyeshe chochote.

Tarehe 19 Juni, siku ya ugonjwa huu duniani, tutagawiwa tena fulana. Mimi ya kwangu naisamehe. Pesa yake iingie kwenye reajenti.

Wataalamu wako wakitaka, nitaleta ofisini rejista ya labo, majina ya watoto yakiwa yamefichwa, waone ni miezi gani mashine ilisimama.

Kwa heshima,
Mtu wa labo, Katuba