Harufu ya nondo jike

Mafinga

Ndugu yangu Neema,

Kamwene! Huku baridi bado ni ile ile, ila wote wazima. Umeniuliza kile kimpira cha kwenye mtego wako wa kantangaze, yule nondo anayeharibu nyanya, kimetiwa nini hata madume wajazane namna ile. Ni harufu ya jike, feromoni, iliyotengenezwa maabara. Utamu wa habari ni jinsi wanasayansi wanavyoigundua.

Zamani ilikuwa kazi ya kufa mtu. Mjerumani Butenandt na wenzake walitumia kama miaka 20 na nondo wa hariri wapatao 500,000 kuipata harufu moja, wakaitangaza mwaka 1959. Siku hizi dume mwenyewe ndiye anayeulizwa. Hukatwa kipapasio cha kichwani anachonusia, chembamba kama uzi, kikaunganishwa kwenye waya mbili za kupima umeme wake mdogo. Kisha harufu ya tezi ya jike hupitishwa kwenye mashine inayoichambua, kiungo kimoja kimoja, na kila kimoja hupulizwa kwenye kipapasio hicho. Vingi vinapita kimya. Mara mstari kwenye mchoro unaruka: ndicho hicho! Kipapasio kimekatwa, na bado kinamtambua jike. Nastaajabu kila nikiliwaza.

Kwa kuwa riziki yangu ni mbegu za mipaini, nimemfuatilia sana nondo wa Ulaya, Dioryctria abietella. Viwavi wake hutoboa koni za misprusi, miti ya jamii ya mipaini, kwenye mashamba ya mbegu huko Sweden. Nje unaona chenga za kinyesi zimenasa kwenye utomvu. Ndani mbegu zinaliwa, na dawa ya kupuliza haiwafikii kirahisi. Harufu ya jike wake ina viungo viwili, kimojawapo kirefu ajabu, chenye mnyororo wa atomi 25 za kaboni. Kikiwekwa kimoja peke yake, madume hawaji. Vichanganye, wanakuja.

Kwa hiyo, dada, ukiuziwa vimpira uliza ni vya mdudu gani. Cha viwavijeshi vamizi hakimwiti kantangaze. Vya akiba vitunze mahali pa baridi, maana jua la Ilula linamaliza harufu upesi. Tena mtego unanasa madume tu; jike aliyekwisha kupandwa anaendelea kutaga kwenye nyanya zako. Hesabu wanaonaswa kila wiki, wakiongezeka ghafla ukague majani, hasa upande wa chini.

Niandikie hesabu ya wiki hii. Nami nikikuta kiwavi kwenye koni za huku nitakutumia picha. Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Asifiwe