Zile faranga 25,000 za Albinen

Sion, Uswisi

Kwa Baba na Mama, huko Umoja, Nairobi,

Salamu nyingi. Habari ya kijiji cha Uswisi kinacholipa watu wahamie imerudi tena kwenye grupu ya familia, na Baba anauliza kama Kaka aanze kutafuta nauli. Asianze.

Kijiji kipo. Kinaitwa Albinen, mlimani katika jimbo la Valais, kama mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, wakazi wapatao 240. Novemba 2017 wanakijiji walikubali kwa kura kutoa faranga 25,000 kwa kila mtu mzima na 10,000 kwa kila mtoto. Mume, mke na watoto wawili wanapata 70,000. Wanaosambaza habari hukomea hapo.

Masharti ni haya: uwe chini ya miaka 45, ujenge au ununue nyumba isiyopungua faranga 200,000, na uishi humo mwenyewe miaka 10. Ukihama mapema, unarudisha hela. Mgeni lazima awe tayari na kibali C, cha ukaazi wa kudumu, ambacho Mkenya kwa kawaida hukipata akishakaa nchini miaka 10. Mpango huu haukutengenezwa kumtoa mtu Nairobi.

Sharti la kuishi humo mimi nalisifu. Tajiri wa mjini hununua nyumba mlimani, akaja msimu wa theluji, kisha madirisha yakabaki giza. Wenyewe huziita nyumba hizo "vitanda baridi". Hazileti mtoto shuleni wala mteja dukani, na hupandisha bei hadi kijana aliyezaliwa pale akashindwa kununua. Ndiyo maana Machi 2012 Waswisi walipiga kura nyumba za mapumziko zisizidi asilimia 20 katika kila manispaa.

Mama aliuliza pia kuhusu nyumba za euro 1 za Italia. Hiyo euro ni chambo. Vijiji vingi hudai dhamana, mara nyingi euro 5,000, na ukarabati ukamilike ndani ya miaka 3 hivi, la sivyo dhamana imekwenda. Gharama za hati ni zako. Paa mara nyingi limeshabomoka, na vichochoro ni vyembamba hata lori la saruji haliingii, kwa hiyo fundi anatoza zaidi. Na hati ya nyumba si viza.

Wakala akimdai Kaka "ada ya fomu" ya Albinen, asitoe hata shilingi. Maombi hupelekwa kwa manispaa yenyewe, na bila kibali C fomu haina kazi.

Mwanenu