Ngoma kwenye Kioo Cheusi

Kwako ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Sisi huku hatujambo. Nilicheka sana niliposoma kwamba ulipoanza kuitazama filamu ya Lawrence of Arabia ulidhani televisheni imeharibika, kwa kuwa kioo kilibaki cheusi tititi huku ngoma zikirindima. Haikuharibika, ndugu yangu. Huo ni muziki wa utangulizi, wa dakika nne na ushei, uliowekwa ili mtazamaji aingie jangwani kwa masikio kabla ya macho.

Wala si ajabu kwamba ngoma ndizo zilizotangulia. Mtunzi wake, Maurice Jarre, aliyezaliwa Lyon mwaka 1924, aliacha masomo ya uhandisi akaenda kujifunza ala za kupigwa katika Conservatoire ya Paris, yaani chuo cha muziki, kisha akafanya kazi kwa miaka mingi na mwongozaji wa tamthilia Jean Vilar kwenye jumba la maonyesho la Théâtre National Populaire. Muziki wa Lawrence alipewa wiki chache tu kuumaliza, nao ukampatia tuzo yake ya kwanza ya Oscar. Nyingine mbili alizipata kwa Doctor Zhivago (1965) na A Passage to India (1984), na filamu zote tatu ziliongozwa na David Lean.

Umeandika kwamba muziki wa filamu ni pambo tu. Hapo sikubaliani nawe, na ushahidi wangu ni ule wimbo wa Lara, mwanamke anayependwa na Zhivago katika Doctor Zhivago, hadithi ya Urusi. Lean alikataa majaribio kadhaa ya Jarre, hatimaye akamwambia aisahau Urusi, aende milimani na mpenzi wake, amtungie yeye. Aliporudi, wimbo ulikuja upesi. Shida ikawa wapigaji wa balalaika, ile ala ya Kirusi yenye nyuzi tatu na tumbo la pembetatu: aliwapata katika kanisa la Kiothodoksi la Warusi huko Los Angeles, lakini hawakujua kusoma noti, ikabidi awafundishe kipande kwa kipande mpaka wakakikariri. Mtu hahangaiki hivyo kwa ajili ya pambo.

Baadaye aligeukia vinanda vya umeme, kama katika filamu ya Witness ya 1985. Mimi binafsi nazipenda zaidi ngoma zake. Alifariki mwaka 2009.

Jumamosi ukipata nafasi, irudie Lawrence tangu mwanzo, uzime taa, na usiiguse rimoti. Kisha uniandikie.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.