Risala ya Klabu ya Mijadala kwa Mgeni wa Heshima, Lubumbashi

Mheshimiwa Mgeni wetu wa Heshima, Baba Prefe mkuu wa shule yetu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kufika hapa Katuba. Klabu yetu ilianzishwa na wanafunzi wachache chini ya mwembe wa shule. Leo inajulikana komini nzima. Mwaka huu tumeishinda shule jirani, na tunathubutu kusema hakuna vijana wa rika letu Lubumbashi wanaotuzidi kwa kuufahamu ushindani wa mataifa makubwa.

Mada yetu ilikuwa jinsi Marekani inavyowakabili wapinzani wake katika mkakati wa usalama wa taifa. Mkakati wa 2017 uliziweka China na Urusi kundi moja. Ule wa 2022 uliitaja China kuwa mshindani pekee mwenye nia, na uwezo unaozidi kukua, wa kuubadilisha mpangilio wa dunia. Urusi ikaitwa tishio la sasa hivi. Mambo haya yanatuhusu, Mheshimiwa. Kobalti nyingi ya dunia, madini ya kutengenezea betri, inatoka Kongo. Mwaka 2016 kampuni ya Marekani iliwauzia Wachina hisa zake za mgodi wetu wa shaba na kobalti wa Tenke Fungurume, na Desemba 2024 Rais Biden akafika Angola kwa ajili ya reli ya Lobito, inayopeleka madini yetu baharini. Wakubwa wanapanga juu ya ardhi tunayoikanyaga, nasi tunaisoma mipango yao kwenye simu moja inayopita mkono kwa mkono mpaka chaji inaisha.

Ndiyo maana tunaomba chumba cha kusomea. Wazazi walichanga matofali, kuta zikafika kwenye lenta. Mgeni mmoja aliyetangulia aliahidi mabati, akapigiwa vigelegele. Mabati hatujayaona. Tulipeleka barua, tukaambiwa tusubiri. Tukapeleka nyingine, tukaambiwa faili haionekani. Mvua imekwisha kula matofali ya juu, na majani yameota mahali pa meza.

Tunaomba mabati, mbao za paa, na sola ya kuwasha taa na kompyuta moja. Fedha mkononi hatuombi. Fundi yupo, kubeba tutabeba wenyewe, na orodha yenye bei za soko tunakukabidhi sasa. Kwa heshima zote, kama haliwezekani, utuambie leo ili tujue pa kwenda. Likiwezekana, utupe tarehe na jina la mtu wa kumfuata ofisini kwako, vifaa vifike kabla mvua hazijarudi.

Baada ya hapa, tafadhali ukubali tukupeleke ukakione chumba chenyewe. Kiko nyuma ya darasa la sita.

Ni sisi, wanachama wa Klabu ya Mijadala.