Habari zenu nazinunua kwa kilo

Mhariri,

Mimi ni muuza mahamri na mbaazi hapa Likoni, na sidhani una wasomaji wengi wa aina yangu. Magazeti yenu nayanunua kwa kilo. Kilo moja shilingi 60, yakiwa yamekwisha kusomwa huko maofisini, yamefungwa kamba, yameletwa na kijana wa mkokoteni kila Jumamosi. Nayakata robo robo, nayalaza chini ya bakuli la mbaazi yasipeperuke, na kila anayebeba mahamri yake kukimbilia feri anabeba na kipande cha habari. Foleni ikipungua nasoma nilichokikata. (Kabla hujanitumia bwana afya: ndani natia karatasi nyeupe, gazeti linakaa nje.)

Ni miaka sasa nafungia hivi, na nitakwambia ilivyoanza, maana ndiyo sababu ya barua hii: maneno ya wanasiasa mnatupa kila siku, na linalonigusa mimi linanipita. Zamani nilifungia mifuko ya plastiki kama wenzangu wote. Agosti 28, 2017 mifuko ile ikapigwa marufuku. Wiki tatu kabla tulikuwa tumepiga kura, Agosti 8, na siku nne baada ya marufuku Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi ule wa urais. Katikati ya vishindo hivyo viwili mimi nilikuwa nafungua mfuko wa plastiki nimtilie mwalimu mmoja mahamri manne, akanishika mkono. "Mama, unataka kufungwa?" Nikadhani ananitania. Kumbe faini inafika shilingi milioni 4, au kifungo cha hadi miaka minne, na jambo lenyewe lilishatangazwa nusu mwaka mbele! Milioni nne, Mhariri, kwa mtu aliyekuwa akiuza hamri shilingi tano. Redio nilikuwa nayo, televisheni nilikuwa nayo, na kila usiku nilikuwa najua nani kamjibu nani. Sisemi hamkuandika. Mliandika. Habari yenyewe nilikuja kuikuta baadaye ndani ya kilo, ukurasa wa ndani kabisa, pamoja na picha ya mfuko.

Basi mwezi uliopita likatokea jambo la kuchekesha benchini kwangu. Nina wazee wawili ambao hawakosi, mmoja mstaafu wa bandari, wa pili fundi wa mashua. Mzee wa bandari akafungua mahamri yake, akalinyoosha gazeti juu ya goti, akaanza kusoma kwa sauti. Kiongozi fulani amewaonya wenziwe chamani wasimchokoze, na wakati ukifika atatoa mwelekeo. Jina la mheshimiwa mwenyewe lilikuwa limebaki kwenye robo nyingine. Mzee wa mashua akasema huyo ni wa serikali tu, ndiyo lugha yao. Mwenziwe akaruka: "Wa serikali wapi! Huyo wa upinzani, juzi tu nimemsikia redioni kwa maneno haya haya." Chai ikapoa. Watu wa feri wakasimama kusikiliza. Walipofika mahali pa kutajiana kabila, nikaona bora nipekue chini ya bakuli niitafute robo ya pili. Gazeti lilikuwa la mwaka 2019. Mheshimiwa wakati huo alikuwa serikalini, leo yuko upinzani, kwa hivyo wote wawili walikuwa wamepata. Na wote wawili walikuwa wameamini kuwa ni habari ya jana.

Tangu siku hiyo nayasoma kwa jicho jingine. Katika kilo moja ya mwaka 2018 niliwakuta rais na mpinzani wake, watu ambao Januari hawasalimiani, Machi 9 wamesimama kwenye ngazi za Harambee House wanapeana mikono, na nchi nzima inaambiwa ilie kwa furaha. Kilo ya mwaka uliofuata, ugomvi mpya umeshaota, chama tawala kimegawanyika makundi mawili, sasa tunaitwa Kieleweke na Tangatanga. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilimaliza kesi Septemba 5, na wino wa kura haujatoka kucha zangu mkaanza kutuuliza nani atasimama na nani Agosti 2027. Miaka mitano ya kusubiri siku moja! Mwanamke mjamzito hasubiri hivyo, naye ana kitu tumboni.

Nikuonyeshe asubuhi yangu ilivyokuwa. Naamka saa tisa usiku. Unga, tui la nazi, iliki, sukari, hamira, na mikono hadi kwenye viwiko. Kinyunya kikishaumuka nasukuma, nakata, na hapo saa kumi na moja hivi nabandika karai na kuwasha redio iliyoko dirishani. Kufikia saa kumi na mbili wachambuzi wameshaingia. Nani hakuonekana kwenye mkutano wa nani. Nani alikaa kiti cha pili badala ya cha kwanza. Na mazishi, Mhariri, haya mazishi ya Jumamosi! Marehemu hatumjui jina, mjane wake hatumjui, kilichomuua hatuambiwi, lakini aliyeshika kipaza sauti tunamjua mpaka mke wake. Jumatatu anajibiwa, na Jumamosi anajibu tena juu ya jeneza la mtu mwingine. Jioni saa moja maneno yale yale yanarudi kwenye televisheni, safari hii na picha. Baba watoto analala mbele yake na rimoti mkononi. Ukibadilisha stesheni tu, anaamka.

Kuna siku nilijikuta namgombeza binti anayenisaidia kwa sababu ya waziri ambaye sijapata kumwona kwa macho. Hapo nikaizima redio, siku ya Jumatatu.

Siku ya kwanza nilisikia mafuta. Hamri lina sauti yake, sijui kama wewe wajua. Likiwa bichi la maji hupiga kelele na kurusha, mafuta yakiwa hayajashika moto huzama kimya kama jiwe. Lililo sawa huzama kidogo, likapanda, likavuta pumzi, likafura tumbo, na ukilimwagia mafuta juu hufura zaidi. Miaka yote hiyo nilikuwa nayageuza kwa macho tu. Nikasikia na adhana ya msikiti wa pili, ambayo nilidhani waliiacha.

Siku ya nne stima ikakatwa kuanzia saa tatu mpaka magharibi. Unga haujali stima, lakini nina friji ndogo ninayogandishia barafu za ukwaju, watoto wa shule hununua mchana. Barafu 60 zikarudi kuwa maji. Nikajilaumu, nikasema haya ndiyo malipo ya kukimbia habari. Kijana wangu akanicheka, akasema yeye alikuwa anasikiliza siku zote nne na hakusikia neno. Wiki iliyofuata, ndani ya kilo mpya, nikakutana na tangazo lenyewe. Kisanduku nyuma huko, herufi kama sisimizi, tarehe, saa, na majina ya mitaa na wetu umo. Nikaligeuza lile karatasi. Upande wa pili palikuwa na mheshimiwa kanyoosha kidole, picha kutoka ukingo hadi ukingo. Tena lile tangazo la stima hamkuliandika nyinyi, lililetwa na kulipiwa. Lililonihusu mimi lililipiwa liingie, na lake yeye likaingia bure.

Usije ukadhani naomba siasa iondoke. Mtu wa Likoni hawezi kusema siasa haimhusu. Usiku wa Agosti 13, 1997 kituo chetu cha polisi kilipovamiwa nilikuwa na mtoto mgongoni na biashara ya mwaka mmoja. Kabla yake kulikuwa na maneno, na vijikaratasi vya kuwaambia watu wa bara warudi kwao, na uchaguzi ulikuwa Desemba. Jirani yangu wa mlango wa kushoto, mshonaji, alivuka feri na cherehani kichwani. Hakurudi. Sufuria yake ninayo mpaka leo, ndiyo ninayochemshia mbaazi. Maneno ya wanasiasa yanaua, nalijua hilo, na mtu akisema neno la kuchoma watu ni lazima mlitoe na jina lake mlitaje.

Wala sitaki kimya cha kulazimishwa. Tulikionja. Januari 30, 2018 serikali ilizima vituo vikubwa vya televisheni, vikakaa kizani siku kadhaa. Baba watoto alikaa mbele ya kioo cheusi na rimoti yake, nami nikasema alhamdulillah, leo tutalala. Hatukulala. Kila bodaboda aliyepita alikuwa na habari yake, na kila habari ilikuwa na maiti wengi kuliko iliyotangulia. Nilivitamani hata vile vikao vyenu vya wachambuzi.

Kwa hivyo tatizo langu ni dogo kuliko hayo, na labda ndiyo maana hakuna aliyelisemea. Nataka kujua kilichofanywa. Ninachopewa ni kilichosemwa, halafu alichojibu aliyesemwa.

Nilipewa mara moja nilichotaka, na sikuchoka hata siku moja. Ni mwaka 2024, Mswada wa Fedha. Kijana wangu alikuja na simu, akasema, "Mama, sikiza, hiki ni kifungu chako." Ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia. Kodi ya asilimia 16 kwenye mkate. Vijana walikuwa wamekaa wakaufasiri ule mswada kwa lugha za nyumbani, kipande kwa kipande, bila kusema mheshimiwa kamwambia nini mheshimiwa. Nilisimama kando ya karai nikapiga hesabu. Ndoo ya lita 20 naimaliza kwa wiki mbili. Nikajua kwa uhakika hamri langu lingepanda bei, na nikajua ni kwa sababu gani. Benchi zima lilijua. Mzee wa mashua, ambaye hajui hata mbunge wake anaitwa nani, alikuwa anataja vifungu. Mafuta na mkate wakaviondoa kabla ya kura. Juni 25 wabunge 195 wakaupitisha, 106 wakaukataa, na siku hiyo hiyo vijana wakauawa barabarani. Kesho yake rais akasema hatatia sahihi. Katika siku zile watu walikuja kununua mahamri wakauliza mbunge wetu alipiga kura upande gani, nikaweza kuwajibu, kwa sababu orodha ya majina ilikuwa ikizunguka kwenye simu. Haikufika miezi minne tukarudi kule kule. Naibu wa rais anang'olewa, nani anaingia, watu wa Mlima Kenya wamesema nini, na televisheni nzima ikahamia huko.

Sikatai kwamba kung'olewa naibu wa rais ni habari. Ni habari. Lakini siku 40 mfululizo?

Hapa kwetu tuna maswali ambayo hayana mtu wa kuyauliza. Bwawa la Mwache kule Kwale tunaambiwa litatuletea maji. Sasa limefika urefu gani, na bomba litapita wapi? Mimi maji ya mkokoteni nanunua mtungi mtungi, na muuzaji naye anapandisha akiona mawingu hayapo. Feri ngapi zinafanya kazi leo na ngapi ziko kwa fundi, na kwa nini zote huharibika mwezi mmoja? Vita vya Ukraine mimi nilivijua kwenye duka la jumla, mwaka 2022, pale unga wa ngano na mafuta vilipopanda pamoja. Hakuna aliyenieleza vizuri ngano yangu inatoka wapi. Niliambiwa na mwenye duka, Mhindi wa watu, alinichorea ramani kwenye risiti. Risiti ile niliiweka. Ingekuwa nzuri sana gazetini, na ilikuwa na ukubwa wa kiganja.

Kwa sasa redio nimeiwasha tena, lakini nimeiwekea sheria. Inawaka saa moja kamili, nasikiliza mpaka wasome bei na hali ya bahari, nikisikia "akizungumza katika mazishi" nazima. Tarehe 14 ya kila mwezi naiacha mpaka mwisho, kwa sababu ndiyo siku wanatangaza bei ya mafuta ya magari, na watu wa bodaboda hawangoji kesho. Baba watoto bado yuko na rimoti yake. Huyo nimemwachia Mungu.

Na ikiwa utaichapa barua hii, nakuomba usiiweke nyuma ya picha ya rangi. Kurasa zenye picha kubwa za rangi hutoa wino ukizishika kwa mkono wenye mafuta, wateja wananilalamikia nguo zao, kwa hivyo hizo sifungii. Hizo, na ukurasa wa kwanza wote, nawashia jiko.

Muuza mahamri,
Likoni, Mombasa