Kinyozi wa kiti cha mtu amejiajiri vipi?

Mhariri, naomba nafasi niongelee hizi takwimu za watu waliojiajiri, hasa vinyozi na wasusi. Hapa Kigoma, ukipita Mwanga au Ujiji saluni zipo nyingi tu, na kijana wa pale ukimuuliza atakwambia amejiajiri, basi mdodosaji naye anaandika hivyohivyo anaondoka. Lakini kiti sio chake, mashine sio yake, bei kapanga mwenye saluni, na jioni anapeleka hesabu au wanagawana kwa kila kichwa, umeme ukikatika siku nzima yeye ndo anarudi nyumbani mikono mitupu. Huyu anawekwaje kundi moja na mama mwenye saluni yake? Sio haki kabisa.

Wanatakwimu wa kazi duniani walikutana Geneva 2018 chini ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) wakapitisha mgawanyo mpya, wakatenga kundi la wanaoitwa wamejiajiri ila kazi yao inategemea mtu mwingine. Sasa Ofisi ya Taifa ya Takwimu ikifanya tena utafiti wa nguvu kazi kama ule wa 2020/21, iwaulize hawa vijana maswali ya maana: vifaa vya nani, bei anapanga nani, ukihama unaweza kuondoka na wateja wako? Hapo halmashauri itajua nani anahitaji mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri anunue mashine yake na nani anadai mkataba na michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF.

Mkazi wa Mwanga, Kigoma