Barua ya wazi kwa dada yangu, uliyeifunika meza ya Baba

Mbukwa, dada.

Najua hupendi mambo ya nyumbani kuanikwa hadharani. Ila simu zangu hupokei tangu Juni, na ujumbe unausoma halafu unanyamaza. Mwanao kaniambia usingizi ukikukimbia huwa unapita humu kuangalia nimeandika nini. Basi leo nimekuandikia wewe. Wengine mnaokuja kwa ajili ya meza na viti, vya kwenu mtavikuta humo humo katikati.

Nianze na viti vyako viwili. Shemeji aliniambia, kabla hujamkataza kunipigia, kwamba kimoja mguu unacheza na amekipiga misumari mitatu. Mwambie aache. Viti vile havikuundwa kwa misumari. Kila mguu una ulimi unaoingia kwenye tundu, na kinachoushika ni gundi na kubanana. Msumari unaupasua ulimi, na ukishapasuka ni kuchonga mguu mpya. Aing'oe hiyo misumari taratibu kwa koleo, auchomoe mguu, akwangue gundi ya zamani mpaka mti mtupu uonekane, ndipo apake gundi nyeupe ya mbao. Kama hana kibanio cha seremala, achukue tyubu ya baiskeli, aikate vipande virefu, afunge huku akivuta mpaka gundi ichuruzike pembeni. Kilale hivyo usiku kucha, asikikalie mtu.

Na usiseme ni uzee. Vimekaa huku miaka hamsini vikiwa imara. Vilikoshindwa ni huko kwenu: hewa ya pwani ina maji, mti unavimba, usiku mnawasha kiyoyozi, unanywea. Kiungo cha kuvimba na kunywea kila siku lazima kilegee. Waliohamia Dodoma na wizara zao wanalijua hili kwa upande wa pili. Wamekuja na meza za maana kutoka Dar, upepo wa Agosti umezipasua katikati kama ubuyu.

Meza ya Baba haikupasuka hivyo. Ile ni mninga, na mninga ukikaushwa vizuri hauna kiburi, hauendi upande wala hausinyai sana. Mbao zake zilikuja kwa treni kutoka Tabora, Baba mwenyewe akiwa kazini reli, na fundi akaiunda pale mtaa wa Kikuyu, hapa hapa Dodoma, mwaka 1974, mwaka niliozaliwa mimi. Wewe ndiye uliyenihadithia kwa nini iliundwa kubwa vile, ya watu wanane, wakati chumba chenyewe kilikuwa hakina hata pa kuzunguka. Mwaka 1973 ilitangazwa kuwa Dodoma ndiyo itakayokuwa makao makuu, na Baba akaamini wageni wanakuja. Akawawekea meza. Serikali imekuja kuhamia kweli 2016, yeye hayupo, na meza iko stoo imepandwa na magunia ya mtama.

Huko ndiko nilikoitoa. Nasema hivi kwa sababu uliwaambia watu "ya kuokota".

Nilianza Machi. Vanishi ya juu ilikuwa imegeuka nyeusi na inanata, ukiweka karatasi inabaki. Nilikwangua kwa kipande cha kioo, kama walivyofanya mafundi wa zamani, kwa sababu dawa ya kuyeyushia ilinichoma vidole na harufu yake ilimpa mwanangu kichwa. Kioo kikipata makali sawasawa kinatoa unyoya mwembamba wa vanishi bila kuugusa mti. Baada ya hapo msasa: namba 80, halafu 120, mwisho 220, kila mara ukifuata nyuzi za mti. Ukienda kinyume utaona mikwaruzo siku ya vanishi, siku ambayo huwezi tena kurudi nyuma. Na vaeni barakoa. Vumbi la mninga linaingia puani kama pilipili. Nilipiga chafya wiki nzima, jirani akaniletea tangawizi.

Nyufa ndogo nilijaza kwa vumbi hilo hilo nikilichanganya na gundi, ili rangi isipishane. Vanishi sikupaka juu. Nilitaka iguswe, isiwe kama imevaa nailoni. Nilipaka mafuta ya kitani mara tatu, nikiacha siku mbili mbili katikati, na juu yake nta ya nyuki ya Manyoni niliyoiyeyusha kwenye sufuria iliyokaa ndani ya maji ya moto. Msiiweke nta juu ya moto wenyewe, inashika moto. Na vitambaa vya kupakia mafuta ya kitani msivikunje mkavirundika kwenye kona. Hupata joto vyenyewe vikawaka. Vitandazeni nje vikauke.

Nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri kupaka, kabla upepo haujaamka na kuleta vumbi la barabarani. Miezi miwili na nusu, dada. Kwa mikono hii uliyosema ina sugu kama ya mwanamume.

Chumba chenyewe nilikipamba kwa vya kwetu. Vile vitambaa vya kufuma vya Mama, vilivyokuwa vinakaa kwenye migongo ya makochi, nilivifua kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande, nikavianika kivulini, nikavishonea kwenye kaniki nyeusi na kuviweka kwenye fremu za yale madirisha ya zamani. Weupe juu ya weusi, kila tundu la sindano linaonekana. Ulisema nimemtundika marehemu ukutani kama kalenda. Mimi nasema Mama alifuma miaka arobaini na hakuna mtu aliyewahi kuitazama kazi yake, walikuwa wanaiegemea tu. Vibuyu viwili nilivitoboa kwa misumari ya moto, nikatia taa ndani. Usiku ukuta unajaa nyota. Vikapu vya Iringa nilivipanga ukutani, vidogo kwa vikubwa. Viti vinne vilivyobaki nilivivalisha kitenge juu ya sponji mpya. Na juu ya kabati la vyombo, ile pasi ya mkaa. Niliisugua kutu, nikaijaza udongo, nikapanda ua.

Nitarudi kwenye hiyo pasi.

Siku ya posa ya mwanangu ulikuja kwa treni ya umeme, mchana tu ukawa umefika, umependeza. Nilikwenda kukupokea kituoni na moyo mweupe. Wewe ni mama yake mkubwa, wewe ndiye wa kukaa na wazee, na nilitaka uwakute wakwe kwenye meza ya Baba. Ndiyo maana sikukodi ukumbi. Wageni hatimaye walikuwa wanakuja, si wale Baba aliowangoja, lakini wageni.

Wakaingia. Mama mkwe akatazama ukutani, akacheka, akasema, "Hivi vikapu si vya kwetu Iringa?" Nikaona mambo yamekaa sawa. Nikaenda jikoni kuleta kuku. Niliporudi na sinia mkononi, nikakuta umetandika juu ya meza kile kitambaa cha plastiki chenye maua ya zambarau, cha kuanikia dagaa, umekitoa sijui wapi. Unakinyoosha kwa viganja pembe hadi pembe. Unawaambia wageni, na unacheka: "Mtatuwia radhi, hii meza ni ya kuokota, mdogo wangu kaitoa stoo kwenye magunia. Tusije tukawachafua nguo."

Nilisimama na lile sinia. Mchuzi ulinimwagikia kidoleni na sikuusikia moto wake. Mume wangu akajifanya anafungua soda. Mwanangu, ambaye alinishikia msasa jioni zote akitoka kazini, aliinama akatazama viatu vyake. Wakwe wakasema haidhuru, haidhuru, wakala juu ya maua ya zambarau. Plastiki ikashika joto la sahani na kuanza kunuka.

Hilo sijakusamehe. Nimeambiwa kanisani nisamehe, nimeambiwa na mume wangu, na shangazi kanipigia kutoka Mpwapwa. Nasema ndiyo, ndiyo, halafu nikiingia chumba kile nakiona kiganja chako kinanyoosha plastiki.

Lakini nimekiona mara nyingi mno sasa, na kuna kitu cha kabla yake. Kabla wageni hawajaketi, nilipokuwa nimesimama mlangoni nakuangalia kama utasifu, uliweka mkono juu ya meza, upande wa dirishani, kwenye kiti cha Baba. Ukaupitisha mara moja, ukaurudisha. Kama mtu anayetafuta miwani gizani. Ukainua macho ukaitazama pasi juu ya kabati, na ua lake. Hukusema kitu. Mimi nikadhani unapapasa ulaini.

Alama ya pasi niliitoa, dada. Ndiyo. Ilikuwa imeingia ndani, nyeusi, umbo la mtumbwi, na ilinichukua siku tatu peke yake. Ukiweka jicho usawa wa ubao utaona pale pana kibonde kidogo.

Sikufanya kwa ubaya. Mimi nilikuwa na miaka minane, na ninachokikumbuka asubuhi ile ya kwenda kwako bweni ni kilio tu. Mvua ya Januari, sare haikukauka, ukaipiga pasi mbichi juu ya blanketi lililokunjwa, blanketi likateleza, ukaiacha pasi pale ukimkimbilia Mama aliyekuita. Harufu. Baba akiingia. Nilidhani ile alama ni aibu yako. Miaka yote Baba aliweka sahani yake juu yake wageni wakija, na mimi nikaelewa kwamba anaficha. Nikasema ngoja nimwondolee dada hili jambo, liishe.

Tena nilikuuliza! Nilikupigia simu mwezi wa tatu, nikakwambia nataka kuifufua meza, ukasema, "Fanya unavyotaka, si ndiyo iko kwako." Hukusema bakiza hiki. Mtu atajuaje? Uliondoka na viti viwili na sufuria kubwa la Mama na redio, sikukuuliza. Mimi ndiye niliyebaki Dodoma, mimi niliyemlaza Mama hospitali na kumtoa, mimi niliyekuwa naihamisha hiyo meza kila mvua inapovuja stoo. Aliyebaki na kitu ndiye anayeijua kazi yake. Kama ningeiacha na vidonda vyake vyote ungekuja ukasema nimeitelekeza.

Fundi wa jirani, mzee, aliniambia nikiwa siku ya pili ya kusugua pale: "Mama, hii ungeiacha. Hii mtu akiiona anaijua meza ni ya nani." Nikamjibu kwamba ni ya kwetu na tunaijua bila kovu. Naandika hili kwa sababu umelala macho na mimi nimelala macho, na mzee yule huwa nampita njiani nikiangalia upande wa pili.

Mwanangu alipoona nimeanza barua hii aliniuliza hivi Baba, babu yake, alikupiga siku ile? Nikashindwa kumjibu. Nilitolewa nje na Mama, nikarudi umeshaondoka. Nimejikuta sijui. Nimepamba chumba kizima juu ya jambo ambalo sikukaa ndani kulishuhudia.

Ua nimelitoa kwenye pasi. Halikuwa linastawi hata hivyo, chuma kinapata joto mno dirishani. Kile kitambaa cha plastiki kiko kwenye droo, nimekikunja mara nne. Mume wangu kataka kukitupa nikakataa, na usiniulize kwa nini.

Harusi ni Desemba. Ukija, njoo na vile viti viwili. Vifunge kwa mashuka miguuni visikwaruzike, na mwambie shemeji misumari aiache nitaing'oa mwenyewe, yeye ana haraka, ataupasua mti. Gundi ninayo na tyubu ninazo. Uje mapema, siku tatu au nne kabla, maana kiti kikishabanwa lazima kilale. Ukitaka kula jikoni tutakula jikoni. Ukikaa mezani, upande wa dirishani nimeuacha bila kitambaa.

Mdogo wako.